Gramu Kumi na Moja na Ushei

Bi Atukuzwe ametandika gazeti juu ya kioo cha kaunta,
anapanga visanduku vitatu
kama mtu apangaye mayai ya kuku wa jirani.
Nje, Iringa imejifunika ukungu mpaka kidevuni,
kijana wa chipsi anapuliza mkaa usiotaka kuwaka.
"Unakwenda kumpiga nani?"
Hakusema nini. Alisema nani.
Pongo, nikamjibu. Kibali changu ni cha dume mmoja.

Sanduku la kwanza ni jekundu,
limechorwa mnyama mwenye pembe za matawi kama mti,
ambaye hajawahi kukanyaga nyasi zetu.
Gramu nane. "Hii ina mbio," anasema,
"inafika kabla ya mlio wake."
Nikaishika. Kiganja kikaitambua.

Kwa maana ndiyo niliyoibeba mwaka ule wa mvua zisizokatika,
mabondeni chini ya Mgololo,
Yeriko Mwachang'a akitangulia, viatu mkononi.
Iligonga bega ikapasukia juu juu,
sahani juu ya sakafu ya saruji;
haikuzama, haikutokea ng'ambo, iliharibu tu.
Tukafuata damu. Tone kwenye kangaga,
tone kwenye jiwe,
kisha nyasi zilizolala upana wa mwili,
kisha giza.
Yeriko hakunilaumu. Aliwasha tochi, akaizima,
akasema, "Betri tuiwekee kesho."
Na kesho yake tukamkuta kijitoni,
magoti ndani ya maji,
bado anahema.

Nyama tuliila. Mke wangu alisema ina uchungu,
akadhani nimepasua nyongo.
Sikumsahihisha.

Sanduku la pili lina rangi ya dhahabu,
bei yake mbuzi na mimba yake.
Ncha imechongwa kama kalamu ya mwanafunzi wa kwanza darasani.
"Hii wananunua wanaotaka kuonekana," anasema Bi Atukuzwe,
halafu kwa haki anaongeza: "Lakini si mbaya."

La tatu ni kaki, kona zimechakaa,
herufi zimefifia kama jina kwenye gunia.
Gramu kumi na moja na ushei.
Kichwa butu, risasi tupu ikichungulia
kutoka kwenye kola ya shaba.
"Huyu ni mzee wa taratibu. Akiingia anachanua kama uyoga,
na mlango wa kutokea anautafuta mwenyewe.
Msituni kwako unaona mita ngapi?"
Themanini. Ukungu ukishuka, arobaini.
"Basi mbio za nini?"

Akanihesabia tano za dhahabu, tano za kaki,
kila moja akaiandika kitabuni, namba ya leseni, tarehe, sahihi,
mwandiko wa karani wa kanisa.

Bunduki ni ya marehemu baba,
kitako chake nimekibandika gundi ya mbao mara mbili,
mimi seremala, nakijua kuliko shavu langu.
Nilidhani itapenda cha ghali.
Kwenye kiwanja cha shabaha, Mafinga,
upepo ukipita kwenye misonobari kama maji ya bomba,
za dhahabu zilitawanyika kwenye boksi
kama kuku waliorushiwa jiwe.
Za kaki zilikaa pamoja, tatu za kwanza
ningezifunika kwa kizibo cha soda.
Ya nne ilikwenda kushoto. Hiyo nilikuwa mimi.
Ya tano nilikaa nayo muda mrefu,
nikisubiri pumzi iishe yenyewe.

Bunduki ina tumbo lake;
humlishi kwa kutazama jirani anakula nini.

Nikarudi Iringa kwa basi la mchana.
Bi Atukuzwe hakuuliza, alishaifunga kaki kwenye gazeti.
Ndani zimo ishirini. Nahitaji moja.
Hizo nyingine ni woga wangu,
nitazifungia kabatini chini ya misumari.

Kituoni nikamwandikia Yeriko:
Jumamosi, alfajiri. Tochi usilete.

Basi lilishapita Ifunda alipojibu.
Nitaleta.