Ada Imelipwa

Bi Somoe Nantumbu amepanga noti mezani kwangu,
moja moja, kama karata asizotaka kuzicheza.
Nimemwambia pesa haipokelewi hapa masjala,
kuna namba ya malipo, kuna wakala ng'ambo ya barabara.
Ameziacha palepale. Zisikilize, anasema.
Zina vumbi la salfa. Huu ni msimu wa kupulizia,
Newala nzima inanuka kiberiti,
hata hati za madai zinanuka mikorosho.

"Ya kufungulia shauri, nimekubali.
Ya kupeleka wito, sawa, miguu ya mtu inachoka.
Na hii elfu mbili?"
Namsomea: ya kutunza kumbukumbu.
Ananitazama kama mtu aliyeuziwa mvua.

"Ya mama yangu ilitunzwa na nani?"

Mwaka sabini na nne. Mpaka wa shamba,
mikorosho kumi na saba njia ya Mkunya.
Mama alishinda, akarudi kwa miguu
akijipigia vigelegele peke yake njia nzima.
Leo mjukuu wa aliyeshindwa
amekuja shambani na kamba ya kupimia.

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na ufunguo.

Chumba cha nyuma: viti vya miguu mitatu,
baiskeli ya ushahidi isiyo na mwenyewe,
panga lenye lebo,
na hukumu zimelala sakafuni, zimefungwa kwa katani.
Paa linavuja hasa juu ya miaka ya themanini.
Sabini na nne nimeunyanyua kwa mikono miwili
nikabaki na jalada. Ndani mchwa wamejenga mtaa.
Mwaka jana niliwanyunyizia salfa ya shemeji yangu,
ile inayoua ubwiriunga.
Walipiga chafya, wakaendelea kusoma.

Jina la mama lilikuwepo, kwa wino wa zambarau.
Chini yake muhuri: ADA IMELIPWA.
Hakimu alichosema kimeliwa,
mashahidi wameliwa,
mikorosho kumi na saba imeliwa na mizizi yake.
Shilingi alizolipa ndizo zilizosalia kumshuhudia.

Bi Somoe akacheka. Si kicheko cha kuchekea naye.

Ng'ambo kuna ghala la chama cha msingi.
Kule korosho inapimwa unyevu,
inatiwa guniani, gunia juu ya chaga,
chaga juu ya saruji, kufuli mbili, mlinzi, stakabadhi.
Ukutani wameandika kwa rangi ya bluu:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Kila asubuhi ninaipita methali hiyo
kama mdaiwa anavyopita dukani,
nimegeuza uso, najifanya naangalia viatu.

"Kwa hiyo nalipia ya mama?"
Hapana.
"Yangu?"
Yako kidogo. Zaidi ni ya mtu
atakayekuja na swali
siku mimi na wewe hatupo.
"Basi mtu huyo mwambie ana deni langu."

Nikamwonyesha rafu. Ni moja tu, ya chuma.
Imetoka kwenye elfu mbili za watu wengi:
talaka mbili zilizokokotana hadi masika,
mkopo wa cherehani,
mbuzi aliyekula mihogo ya msikiti.
Mbao tulizikataa, mchwa wangetushukuru.
Akaigonga kwa kifundo cha kidole.
Ikaitika.

"Isiguse ukuta," alisema.
"Korosho haziegemezwi ukutani, zinavuta maji."
Akashika upande wake, nikashika wangu,
tukaivuta kiasi cha kiganja.
Miguu ya chuma ikakwaruza saruji.

Kisha akakusanya noti zake, akavuka barabara.
Aliporudi na risiti nilikuwa nimeshaweka boksi la kwanza.
Ndani yake jalada tupu,
jina la zambarau, muhuri.

Akachungulia.
"Funika," akasema. "Vumbi."