Hati Safi, Ndoo Kavu

Mkufunzi hakuja na slaidi.
Alikuja na ndoo ya plastiki, lita ishirini,
ya bluu, mpini umefungwa kwa waya,
akaituliza mezani katikati ya chupa zetu za maji,
akasema: Habari za asubuhi. Mwaka jana mlinunua nini?

Tulikuwa thelathini na wanne, maafisa ugavi
wa halmashauri, kutoka Kondoa hadi Manyoni,
kila mmoja na kalamu ya bure na begi la semina,
na upepo wa Mtumba ukirushia madirisha mchanga.
Tukajibu kama tulivyozoea kujibu:
bati mia sita, geji ishirini na nane;
matairi; shajala; vitanda sita vya kujifungulia.
Mimi wa Bahi nikasema: pampu kumi na mbili
za dizeli, zenye alama ya ubora,
zimepokelewa, zimekaguliwa, zimelipwa.

Bi Kokusima hakuandika kitu ubaoni.
Aliuliza tu: Halafu?

Halafu.
Ukumbi ukanyamaza kama ghala siku ya kuhesabu mali.

Maana mimi nilijua halafu yake.
Nilipita Chilungu mwezi wa nane, kiangazi kimekaza,
pampu inang'aa, rangi haina mkwaruzo,
na kuku wa Mbeleje Masinjila
kaatamia mayai tisa chini ya injini.
Lita ya dizeli, aliniambia, ni debe la uwele.
Nani awashe uwele wake?
Hakunilaumu. Alinisogezea kigoda,
akachukua ndoo na bakuli, akashuka korongoni
kufukua mchanga.
Nilimngoja. Saa yangu ilisema saa moja na nusu.
Faili langu lilisema: mradi umekamilika.

Mwaka ule mkaguzi alitupa hati safi.
Mkurugenzi alinunua soda.

"Walishinda kwa bei ya chini," nilisema,
sauti ikanitoka kama ya mshitakiwa. "Sheria..."
"Sheria gani ilikukataza kuuliza?" akasema,
bila ukali, akinipa karatasi.
"Andika upya ulichotaka. Neno pampu marufuku."

Nikaandika: Maji. Nikafuta.
Maji Chilungu. Nikafuta, karatasi ikachubuka.
Kisha mkono ukaenda wenyewe:
ndoo nne kwa kaya, kila siku,
kabla watoto hawajaenda shule,
kwa umbali ambao mama akiitwa nyumbani anaitika;
miaka mitano, si asubuhi ile ya kukata utepe;
na mzabuni alipwe mwezi kwa mwezi,
kila mwezi ambao ndoo zimejaa.
Akija na jua, akija na upepo,
akija na kitu ambacho sijapata kukisikia,
hiyo ni kazi yake. Kazi yangu ni ndoo.

Ndahani wa Mpwapwa alisoma begani kwangu.
Miaka ishirini na moja ya zabuni, amewahi kuhojiwa mara mbili.
"Tamu," akanong'ona. "Ila mkaguzi akija
akuulize umepokea nini, utamwonyesha nini?
Vipande vingapi? Ghala gani?"
Sikuwa na jibu.
Bi Kokusima naye hakuwa nalo lote.
Tutalitafuta kesho, alisema, wakiwepo wahandisi,
wakiwepo wazabuni, tena mapema, kabla ya tangazo,
na akiwepo (hapo akanitazama) huyo mwenye kuku.

Saa kumi na moja watu walitoka kuwahi mabasi.
Mezani zilibaki chupa, kila moja imenywewa nusu,
nyingine ina alama ya rangi ya mdomo.
Nikaanza kuzimimina ndani ya ndoo ya bluu,
moja, moja, nikihesabu kwa sauti.
Mfagiaji akasimama mlangoni na ufagio wake.
"Kaka, ya nini hayo?"
Chupa thelathini na nne. Ndoo haikufika nusu.
"Napima," nikasema.