Deni la Eyamu

Soroti yote inauliza: atarudi?
Kinyozi anaapa amemwona hotelini, miwani ya jua usoni;
wakaanga chapati wameshampangia kikosi.
Vikombe vinne amewapa wa Kampala,
chuo chenye nyasi za kumwagiliwa maji,
na sisi hapa, chini ya mwamba,
goli letu moja limeegemea gogo.

Mimi karani wa ada sijaulizwa.
Ila kabatini, droo ya tatu,
kimo cheti cha Eyamu Silvesta,
ualimu, daraja la pili,
kilichozuiliwa kwa laki mbili na arobaini.
Alihitimu, akaondoka mikono mitupu,
njumu zinaning'inia shingoni,
hakugeuka hata kuitazama bendera.

Juzi mkuu kaniambia: chana ukurasa ule,
tusije tukamwaibisha mgeni.
Nikasema ndiyo, mkuu.
Sikuuchana.
Wanasema dawa ya deni kulipa;
mimi dawa hiyo ndiyo niliyoihofia.
Asiyedaiwa hana njia ya kurudia.

Leo, kabla ya chai, simu ikatetemeka mezani:
laki mbili na arobaini, pamoja na ya kutolea.
Jina lake. Neno hakuna.

Nje vijana wanakimbia, vumbi hadi magotini,
wananipungia dirishani: karani, kocha kasema nini?

Nimeandika risiti kwa wino wa buluu.
Nimekipangusa cheti, nikakirudisha droo ya tatu,
na kando yake kitabu cha sahihi, mstari mtupu.
Cheti hakitumwi kwa simu.