Kistari

Mvua iligeuka kioo kabla ya saa tatu.
Kwanza nyaya, kisha matawi ya misonobari,
kisha ngazi za kanisa na kitasa cha gari langu:
Anse-Blanche yote ikavikwa ganda,
yai lililotagwa kinyumenyume,
ganda kwanza, giza baadaye.
Umeme ulikatika saa nne na nusu.

Nami, Odette Cormier, fundi maji pekee
wa watu elfu mbili na mia moja na mbuzi wa Léonce,
nimeketi jikoni, soksi juu ya soksi,
simu nimeiegemeza kwenye chupa ya siki.
Humo umo mji mzima:
vituo vitano, namba tano,
zinapanda na kushuka kidogo
kama kifua cha mtu aliyelala.

Zéphirin, aliyeniachia funguo, hakuwa na haya.
Usiku kama huu alifunga minyororo magurudumuni,
akavizunguka vituo vyote kwa shoka na tochi,
akarudi alfajiri na barafu kwenye masharubu
na majibu ya jana.
Kilimani aliacha vidole viwili vya mguu.
Aliviita kodi.
Mji ulichemsha chai yake, haukuuliza.

Nilipoomba fedha za vihisi
diwani mmoja alicheka: maji hayana miguu,
yatakwenda wapi?
Nikamwambia yana mteremko.

Saa saba na robo.
Tangi la juu: mita nne nukta mbili.
Nne nukta moja.
Nne kasoro.
Hakuna anayeoga saa hizi.
Msukumo wa Mtaa wa Kiwandani umelegea
kama mkono wa mgonjwa ukiushika.
Bomba limepasuka, na mimi nimevaa ndala.

Nikabonyeza: funga.
Simu ikaniuliza kwa adabu ya karani,
*Una hakika?*
Sina.
Nikabonyeza ndiyo.
Kilomita sita kutoka hapa, shimoni, pasipo mtu,
chuma kikageuka.
Sikusikia kitu. Hilo ndilo linalonikera:
Zéphirin angelisikia kwenye viwiko.
Mimi nimeona tu namba ikisita,
ikasimama,
ikashika ukingo kwa kucha.

Nilikuwa namimina kahawa
kituo cha tatu kiliponyamaza.
Si sifuri. Sifuri ni habari.
Kistari tu, kijistari kifupi
mahali palipokuwa na maji.
Labda betri imeganda. Labda mnara umeanguka.
Labda hakuna tena kituo.
Kistari hakisemi ni lipi.

Basi minyororo. Basi shoka.
Njia nzima nilimtukana diwani, kisha muuzaji wa vihisi,
kisha nikanyamaza, kwa kuwa barabara ilitaka akili yangu yote
na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuhesabu:
njia tano za kufia usiku huu,
na mtu mmoja kichaa amenifutia nne.

Pampu ilikuwa inanguruma.
Antena tu ndiyo iliyoinama chini ya barafu
kama mtu aliyeangusha pete.
Nikaigonga kwa mpini, polepole, mara nyingi,
hadi mfukoni simu ikatetemeka:
mbili nukta tisa.
Nikafunua mfuniko, nikamulika ndani.
Mistari ya Zéphirin, rangi nyekundu, mwandiko mbaya,
ilisema mbili nukta saba.
Niliamini rangi.
Daftarini nikaandika, kwa kalamu iliyokuwa inakufa:
*cha tatu kinajipendelea, kirekebishwe.*

Asubuhi, kabla sijavua buti,
Bibi Allain wa Mtaa wa Kiwandani akapiga simu.
Ana hasira. Maji yake yana rangi ya chai.
Nikaketi sakafuni palepale mlangoni,
barafu ikiniyeyukia shingoni,
nikamwomba arudie.

Yana rangi, akasema, huelewi?

Yana rangi, nikasema.
Yapo.