Ilikubaliwa

Daftari la kikundi lina jalada jekundu,
pembe zake zimeliwa na mende,
na kwa miaka sita mwandiko ndani yake ni wangu.
Jana usiku, umeme ulipokatika Mtopanga,
nililisoma lote kwa tochi ya simu
kama mtu anayehesabu madeni yake mwenyewe.

*Ilikubaliwa kioski cha maji kifungwe.*
*Ilionekana ni vyema bei ipandishwe.*
*Ripoti ya fedha ilisomwa, ikapokelewa.*
*Swali liliulizwa. Lilijibiwa.*
*Kikao kilifungwa kwa dua.*

Miaka sita, na hamna mtu humu ndani!
Hakuna aliyekubali, kuna kukubaliwa tu.
Hakuna aliyesahau, kuna kusahaulika.
Lugha yetu ina visilabi vya kumtaja mtendaji,
ni-, u-, a-, tu-,
vyembamba kama sindano,
nami nilivichomoa kimoja kimoja
nikaweka ile -wa ya mkiani,
-wa laini, mto wa kulalia wakubwa.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi.
Tulikaa kama ada: sisi saba wa bodi
mezani penye kitambaa cha plastiki,
wanachama kwenye mabenchi, joto la mabati juu yao.
Mwenyekiti Shebwana akakohoa, nikasoma.
Nilipofika "kifungwe kwa siku kumi na moja"
Kadzo Tsofa akasimama,
unga wa mahamri bado kwenye kiwiko.
"Samahani, katibu. Alikubali nani?"

"Bodi," nikasema.

"Bodi ina miguu? Ilipita wapi sikuiona?
Siku kumi na moja nimenunua maji ya mkokoteni,
mtungi shilingi hamsini.
Asubuhi nne sikukanda unga kabisa.
Sikuja kugombana na mtu. Nimekuja kuuliza jina."

Mwanamkuu, mweka hazina, akatazama feni,
feni isiyozunguka tangu Ramadhani.
Mwenyekiti akasema, polepole,
kwamba jambo hilo lilikuwa limezungumzwa.
Limezungumzwa!
Watu wakacheka, na safari hii naye alisikia.

Nani alizungumza? Nilijua.
Watu watatu, kwa simu, usiku wa Jumanne:
Shebwana, Mwanamkuu, na mimi.
Pampu ilikuwa imeungua,
na akiba ya matengenezo tulishainunulia viti
vya kuwakalisha wafadhili waliokuja dakika arubaini.
Tukaona haya kusema,
na haya yetu tukaiita busara.
Hatukuwa wezi. Hilo ndilo linaloniuma.
Mwizi hujificha gizani;
sisi tulijificha kwenye sarufi.

Mficha uchi hazai,
na bomba lake, naongeza mimi, halitoi maji.

Basi leo, ukurasa mpya.
Kalamu ya buluu, ile nyeusi imekauka.

*Mimi, Dzombo Mwarandu, katibu, nilijua tangu tarehe nane.*
*Sikumwambia mtu.*
*Shebwana aliamua. Mwanamkuu alilipa: elfu kumi na nne, viti.*
*Wajumbe wanne hatukuwapigia simu.*
*Kadzo aliuliza.*
*Mbaruku atamleta fundi Alhamisi. Asipomleta,*
*Ijumaa ataeleza, pale kioskini, kwa mdomo wake.*

Nitaunakili kwa herufi kubwa
niubandike mlangoni, karibu na bomba,
na saa moja asubuhi, mitungi ikipangwa foleni,
nitausoma kwa sauti
kwa wasiojua kusoma
na kwa wanaojua lakini hawaniamini.

Simu inalia: Shebwana, mara ya tatu.
Nitaipokea. Kwanza niweke nukta.

Mkono unatetemeka kwa visilabi hivi vidogo.
Ajabu, jinsi sentensi inavyokuwa nzito
ikishapata mwenyewe.