Barua Yenye Muhuri

Namsomea mama mara ya tatu,
kwa Kilugbara changu cha kuokoteza:
kuanzia Julai, mhudumu wa nyumbani
ni kwa waliotimiza themanini.

"Kwani juzi nilikuwa na ngapi?"

Kitambulisho kinasema sabini na sita.
Karani pale Arua alikisia tu, foleni ndefu, jua kali;
mama alimtajia mwaka wa nzige,
yeye akaandika namba.

Basi Candiru haji tena Jumanne
kumkanda magoti, kumkata kucha,
kusikiliza kisa kilekile
cha ng'ombe wa mahari aliyerudi kwao mwenyewe.
Kucha sasa nakata mimi. Vibaya.

Nimepiga simu ofisini. Kuna fomu.
Fomu inataka dole gumba.
Nikalishika dole lake, nikaligeuza kwenye mwanga:
jembe limekula mistari yote,
limebaki laini kama kokoto ya mtoni.
Mashine itasema hayupo.

Kila neno la barua nimelielewa.
Barua yenyewe, bado.

Mama kaichukua, kaikunja mara nne,
kaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza.
"Tuone," akasema, na kumimina chai.