Nilipima Barabara Mwezi wa Julai

Nilipima barabara mwezi wa Julai.
Jua halikuzama. Saa sita za usiku
lilikuwa bado juu ya bahari, kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nikaendesha gari, dirisha wazi,
kutoka mlango wa wadi ya wazazi ya Skarvnes
hadi hospitali kubwa ya ng'ambo ya mlima:
kilomita mia moja themanini na saba,
saa mbili na dakika kumi na nne.
Nilisimama mara moja tu,
kuwapisha kondoo waliolala juu ya lami.

Nikaandika: *Athari kwa wajawazito: ndogo.*

Kulikuwa na jedwali. Mwenye jedwali
hahitaji moyo mgumu, ahitaji safu tu.
Safu ya gharama. Safu ya vitanda.
Safu ya vizazi: thelathini na kimoja kwa mwaka,
vichache mno, tulisema, kwa wakunga wanne
na daktari wa zamu anayekuja kwa ndege ndogo.
Safu ya vifo.

Mkunga Torbjørg alinimiminia kahawa.
"Na Februari?" akauliza.
Nikamjibu kwamba wastani wa mwaka mzima
umezingatiwa.
Akageukia dirisha, akalitazama lile jua la usiku
jinsi mtu anavyomtazama shahidi wa uongo.

Wadi ilifungwa Oktoba.

Februari upepo uliufunga mlima,
magari yakapangwa nyuma ya greda la theluji,
kumi na moja, taa kwa taa, mwendo wa mtu mgonjwa.
Ndani ya gari la sita, Inga-Márjá, mimba ya kwanza,
na mumewe hajui ashike usukani
au ashike mkono.
Eilert wa greda alisimamisha msafara.
Akaligeuza dude lake likawa ukuta,
akawasha taa zote alizokabidhiwa na serikali.
Mtu wa gari la tisa aliwahi kuzalisha ng'ombe.
Torbjørg alikuwa kwenye simu,
simu inakatika, inarudi, inakatika:
"Usivute. Umesikia? Usi—"

Mtoto yu hai. Msichana, kilo tatu kasoro robo.
Mama yu hai.
Kwa hiyo ripoti ya mwaka, safu ya vifo: sifuri.
Mkurugenzi aliizungushia duara la kijani,
akaniambia, "Unaona?"

Naona.
Naona safu ambayo sikuichora:
jirani yake Inga-Márjá, aliyehamia mjini wiki tatu kabla,
akihesabu mateke peke yake katika chumba cha hoteli
chenye picha ya tanga ukutani;
dada mtu aliyesema, basi, mmoja anatosha;
mume ambaye hadi leo
akisikia greda likinguruma hutua kijiko.
Nilizoea kusema mambo haya hayana tarakimu.
Uongo. Sikuyatafutia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Mimi niliujua kwa barua pepe,
kiambatisho cha pili, kurasa nne.

Tathmini na thamani walinyonya ziwa moja;
mimi ndiye niliyewaachanisha,
mmoja nikampa kalamu,
mwingine nikamwacha nje kwenye baridi.

Haki ya matibabu imo katika sheria yetu.
Nimeisoma tena, polepole, kidole juu ya mstari.
Hapakuandikwa popote: *hali ya hewa ikiruhusu.*

Jana wamenituma kupima wadi nyingine,
kisiwani, feri mbili na daraja.
Tiketi waliyonikatia ilikuwa ya Juni.

Nimeirudisha.
Nimeomba Januari,
na kiti cha nyuma,
na mtu wa kunihesabia dakika kwa sauti.